Samaki wa Urembo Huuzwa kwa Uhai Wake

Yafuatayo ni maandishi ya hotuba iliyoandaliwa kwa wavuvi, wazamiaji, viongozi wa BMU na wakazi wa ufuo wa Kaunti ya Kilifi kuhusu uvuvi wa samaki wadogo wa urembo.



Mvuvi anapofika bandarini na tasi au changu wake, mizani ndiyo inayosema bei. Samaki amekufa, na hakuna anayemlaumu mvuvi kwa hilo. Lakini katika miamba hiyo hiyo ya matumbawe hutoka samaki mwingine, urefu wake kidole kimoja, ambaye hapimwi kwa mizani. Huyu ni samaki wa urembo. Anafungwa peke yake ndani ya mfuko wa maji, anapakiwa kwenye sanduku, na anasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya au Marekani, akawekwe ndani ya tangi la kioo sebuleni mwa mtu. Akifa njiani hana bei hata ya senti moja. Haliki, hauziki, na mahali alipotoka mwambani pamebaki pengo.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya uvuvi wa kitoweo na uvuvi wa urembo. Kitoweo huuzwa kwa uzito. Samaki wa urembo huuzwa kwa uhai wake. Mzamiaji anayelielewa jambo hili hupata riziki ya miaka mingi. Asiyelielewa humaliza samaki, humaliza mwamba, na wakati mwingine humaliza maisha yake mwenyewe.

Biashara yenyewe

Ripoti iliyotolewa mwaka 2003 na kituo cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia mazingira ilikadiria kuwa samaki wa urembo wa baharini kati ya milioni 20 na milioni 24 huuzwa duniani kila mwaka, wa spishi 1,471. Ripoti hiyo ilitoa mfano wa visiwa vya Maldives. Mwaka 2000, kilo moja ya samaki wa urembo kutoka huko ilikuwa na thamani ya karibu dola 500 za Marekani, ilhali kilo moja ya samaki wa miambani wa kuliwa ilikuwa na thamani ya dola 6 tu.

Kenya imo katika biashara hii kwa miongo kadhaa. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, wamehesabu zaidi ya spishi 200 za samaki zinazokusanywa katika Pwani kwa ajili ya soko hilo. Wamo vitatange wa rangi mbalimbali, kangaja wa buluu, samaki wanaoishi ndani ya anemoni, na samaki wasafishaji.

Kazi hufanywa kwa mikono. Mzamiaji huvaa miwani na mapezi, hushika wavu mdogo wa mkono na kijiti cha kumtoa samaki pangoni, na mara nyingine hutandaza wavu wa kizuizi kando ya jiwe. Wengine hutumia mtungi wa hewa. Msimu mzuri ni wa kaskazi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Kusi ikianza kuvuma, maji huchafuka na kazi hupungua.

Mnunuzi wa mwisho ana tangi lenye matumbawe hai, taa kali, pampu za kuzungusha maji na chombo cha kupima joto. Tangi ni dogo, kwa hiyo anataka samaki mdogo. Matumbawe yake ni ghali, kwa hiyo anataka samaki asiyeyala. Na kama walivyo watu wanaokusanya stempu au sarafu za kale, anataka kile ambacho jirani yake hana. Ndiyo maana samaki adimu hutafutwa sana, na ndiyo maana oda ya samaki adimu humtia mzamiaji tamaa kuliko oda nyingine yoyote.

Adimu maana yake ni nini?

Samaki anaweza kuwa adimu kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba anapatikana sehemu moja tu ya dunia. Kitatange mdogo mwenye mgongo wa rangi ya chungwa na mwili wa buluu, ambaye hazidi sentimita 8, ni wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Mnunuzi wa Ulaya hawezi kumtafuta katika Bahari ya Pasifiki.

Sababu ya pili ni kina. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza spishi mpya ya samaki mdogo wa rangi ya zambarau kutoka Zanzibar, wakampa jina Cirrhilabrus wakanda. Alikuwa akiishi muda wote huo jirani tu na Pwani ya Kenya, lakini kati ya mita 50 na 80 chini ya maji, mahali ambapo wazamiaji wengi hawafiki.

Sababu ya tatu ndiyo ya kuhuzunisha. Samaki anaweza kuwa adimu kwa sababu amevuliwa akaisha.

Kisa cha visiwa vya Banggai, karibu na Sulawesi nchini Indonesia, ni funzo. Huko kuna samaki mdogo wa fedha na milia myeusi, aliyeandikwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1933, kisha akasahauliwa kwa miongo mingi. Katikati ya miaka ya 1990 alijulikana upya, na wenye matangi wakampenda. Katika miaka michache tu, samaki hao walikuwa wakichukuliwa kwa malaki kila mwaka.

Tatizo ni jinsi wanavyozaana. Samaki wengi wa miambani hutoa mayai mengi sana, na watoto wao husafirishwa na mkondo hadi miamba ya mbali. Samaki wa Banggai hafanyi hivyo. Dume hubeba mayai machache mdomoni kwa wiki kadhaa, na watoto wakitoka hubaki papo hapo walipozaliwa. Ghuba ikimalizwa, hakuna mkondo utakaoleta wengine. Mwaka 2007 samaki huyo aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Leo wafugaji wa nchi nyingine humzalisha katika matangi yao.

Nyumba na ndoa za samaki wadogo

Mzamiaji wa Kikambala au Kanamai anayetaka mwamba wake uendelee kutoa samaki anahitaji kujua mambo ya ndani ya nyumba za samaki hao.

Mfano wa kwanza ni samaki wa anemoni. Anemoni ni kiumbe laini aliyeshika jiwe, mwenye vidole vingi vinavyochoma. Samaki huyu hujificha humo bila kudhurika. Katika anemoni moja, samaki mkubwa kuliko wote ni jike. Anayemfuata kwa ukubwa ni dume lake. Waliobaki ni wadogo ambao hawajaanza kuzaa, kila mmoja akingoja zamu yake. Jike likiondolewa, dume hubadilika kuwa jike, na mdogo anayefuata hukua kuwa dume. Mabadiliko hayo huchukua muda, na katika muda huo hakuna yai linalotagwa katika nyumba hiyo.

Kwa hiyo mzamiaji anayemchukua jike mkubwa amesimamisha uzazi. Anayechukua mmoja au wawili kati ya wadogo ameiacha nyumba ikiendelea. Wenye matangi nao huwapendelea wadogo, kwa maana wanazoea tangi upesi na wana miaka mingi ya kuishi. Hapa faida ya mzamiaji na faida ya mwamba ni kitu kimoja.

Mfano wa pili ni vitatange wadogo. Kwao mambo ni kinyume. Dume mmoja hutawala majike kadhaa katika eneo lake. Dume akiondolewa, jike mkubwa hubadilika kuwa dume. Mzamiaji akipita kila wiki akichukua mkubwa na mwenye rangi kali kuliko wote, kila mara anavunja familia kabla haijatulia.

Masomo haya mawili yanaelekeza kwenye kanuni moja rahisi: wakubwa wanaozaa waachwe, wachukuliwe wa wastani, na jiwe moja lisirudiwe kila siku.

Msafishaji na mvuvi wa chewa

Kuna malalamiko ya siku nyingi kati ya wavuvi wa kitoweo na wazamiaji wa urembo. Mvuvi wa malema husema kuwa wazamiaji wanamfukuzia samaki. Mzamiaji hujibu kuwa yeye hachukui chewa wala changu, bali visamaki visivyoliwa na mtu. Kwa mtazamo wa kwanza mzamiaji ana haki. Lakini yuko samaki mmoja anayeonyesha kuwa mambo si mepesi hivyo.

Samaki msafishaji ni mwembamba, ana mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mkiani, na mwili wake una buluu ya kung'aa. Anakaa mahali pake mwambani kama kinyozi dukani. Samaki wakubwa huja, hufungua midomo na matamvua, naye huingia na kuwatoa vimelea. Utafiti uliofanywa katika miamba ya Australia ulionyesha kuwa msafishaji mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku.

Watafiti wa huko walifanya jaribio. Waliwaondoa wasafishaji katika baadhi ya miamba midogo na kuwaacha katika mingine. Baada ya miezi 18, katika miamba isiyo na wasafishaji, spishi za samaki wanaotembea kutoka mwamba hadi mwamba zilikuwa zimepungua kwa nusu, na idadi ya samaki hao ilikuwa robo tu ya ile ya miamba yenye wasafishaji.

Kwa maneno mengine, kinyozi akifungiwa duka, wateja huhama. Na wateja wenyewe ni samaki wakubwa anaowatafuta mvuvi wa kitoweo. Msafishaji pia ni vigumu kumlisha ndani ya tangi, kwa sababu chakula chake ni vimelea vya samaki wengine. Wengi wao hufa kwa njaa wakiwa na mnunuzi. Hasara hii huanzia mwambani na kuishia sebuleni. BMU inayoamua kuwa wasafishaji wasiguswe katika eneo lake inamlinda mvuvi wa malema, na haimnyimi mzamiaji mali kubwa.

Kutoka mwambani hadi kwenye ndege

Samaki wa urembo anaweza kufa mara nyingi kabla ya kufa. Kila hatua ya safari ina hatari yake, na karibu kila hatari hiyo inaweza kuzuiwa kwa uangalifu tu.

Hatari ya kwanza ni kupandishwa haraka. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea. Katika kina cha mita 10, shinikizo la maji na hewa ni mara mbili ya lile la juu. Katika mita 20 ni mara tatu. Samaki akitolewa mita 20 hadi juu kwa pupa, hewa iliyo ndani yake hutanuka mara tatu. Tumbo huvimba, macho hutoka, na matumbo huumia. Hata akiogelea siku hiyo, anaweza kufa baada ya siku mbili akiwa mikononi mwa mwingine. Dawa yake ni subira: kumpandisha polepole kwa vituo.

Hatari ya pili ni mkono mkavu, wavu mgumu na ndoo iliyojaa. Ngozi ya samaki ina ute unaomkinga na magonjwa. Ukikwaruzwa, ugonjwa huingia. Samaki wenye wivu wa makao wakichanganywa katika ndoo moja huumana mapezi, na samaki mwenye pezi lililoraruka hurudishwa na mnunuzi. Chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu, samaki mmoja kila chupa, ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa pesa nyingi.

Hatari ya tatu ni jua. Maji yaliyo ndani ya ndoo kwenye mtumbwi hupata moto upesi, na maji ya moto hayashiki oksijeni ya kutosha. Ndoo iwekwe kivulini, maji yabadilishwe kila baada ya muda, na safari ya kurudi ufuoni isicheleweshwe.

Hatari ya nne imo ndani ya mfuko wenyewe. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Kwa sababu hiyo halishwi kwa siku moja au mbili kabla ya safari, ili asichafue maji. Mfuko hutiwa maji kiasi cha theluthi moja, na nafasi iliyobaki hujazwa oksijeni. Wakati wa safari, hewa chafu anayopumua samaki huyafanya maji kuwa na asidi kidogo, na asidi hiyo hupunguza ukali wa amonia. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka na ukali wa amonia huongezeka ghafla. Ndiyo maana mpokeaji mwenye ujuzi hazubai baada ya kufungua mfuko.

Mzamiaji anaweza kuuliza, haya ya ndege yanamhusu nini? Yanamhusu kwa sababu samaki aliyechoka tangu mwambani hawezi kuhimili safari ya siku nzima, na mnunuzi aliyepokea mizoga mara mbili huhamisha oda zake nchi nyingine.

Chukua mfano. Oda ni ya samaki wanane. Mzamiaji mmoja anakamata 20, anawarundika ndoo moja, na jioni wanachaguliwa wanane. Kumi na wawili waliobaki ama wamekufa ama wametupwa baharini mbali na makao yao, ambako hawana pango la kujificha. Mzamiaji mwingine anakamata wanane kwa utulivu, na wote wanane wanapokelewa. Malipo ya wawili hao ni sawa. Lakini wiki ijayo, wa kwanza anarudi kwenye mwamba uliopungukiwa na samaki 20, na wa pili kwenye mwamba uliopungukiwa na wanane. Baada ya msimu mmoja, wa kwanza ndiye atakayekuwa anazamia ndani zaidi na mbali zaidi kutafuta alichokimaliza mwenyewe.

Kuhusu sumu, hapafai kuwa na mjadala. Nchini Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wakusanyaji walianza kupuliza sianidi katika mapango ya matumbawe ili kuwalewesha samaki. Sumu hiyo iliua matumbawe, iliua samaki wadogo waliokuwa karibu, na hata samaki waliokamatwa wakionekana wazima wengi walikufa baadaye. Sifa ya samaki wa Ufilipino iliharibika sokoni kwa miaka mingi. Kenya, uvuvi wa sumu ni kosa kisheria.

Maisha ya mzamiaji

Katika mambo yote yanayosemwa kuhusu biashara hii, la mzamiaji ndilo linalosahaulika zaidi. Sheria ya shinikizo inayomuumiza samaki inamuumiza na mwanadamu.

Mtu anayevuta hewa ya mtungi akiwa chini huingiza naitrojeni nyingi katika damu na misuli. Akikaa muda mrefu, au akienda kina kirefu, naitrojeni huongezeka. Akipanda polepole hutoka kwa kupumua. Akipanda haraka hufanya mapovu ndani ya damu, kama soda inayofunguliwa. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, kupooza, na hata kifo. Huu si upepo mbaya wala si kazi ya majini. Ni ugonjwa wenye sababu inayojulikana na kinga inayojulikana.

Kinga yake ni hii. Mzamiaji asipande kwa kasi inayozidi mita 9 kwa dakika. Asimame kwenye mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kufika juu. Asizamie peke yake. Asirudie kuzamia mara nyingi siku moja bila mapumziko ya kutosha. Mtungi ujazwe hewa safi na mtambo ambao hauvuti moshi wa injini. Na mtu asiyepata mafunzo ya mtungi asipewe mtungi, hata kama anajua kuogelea tangu utotoni.

Mtu akitoka majini na kuanza kuhisi ganzi au maumivu, alazwe chini, apewe oksijeni ikiwapo, apewe maji ya kunywa ikiwa yuko macho, na apelekwe hospitali mara moja. Daktari aambiwe wazi kuwa mgonjwa alikuwa akizamia kwa mtungi, alifika kina gani na kwa muda gani. Kuficha habari hiyo kwa kuogopa kuulizwa leseni kunaweza kuwa chanzo cha ulemavu.

Hapa ndipo oda ya samaki adimu inapokuwa mtego. Samaki wa mita 15 wakipungua, kijana huenda 25. Wakipungua 25, huenda 40. Mnunuzi aliye ng'ambo haoni kina hicho. Yeye anaona rangi ya samaki tu. Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Hakuna samaki wa urefu wa kidole anayestahili miguu ya kijana wa miaka 22.

Sheria inasemaje

Uvuvi wa samaki wa urembo si haramu, bali unasimamiwa. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 ndiyo inayoongoza shughuli hii. Anayekusanya na anayesafirisha nje wanahitaji leseni. Mvuvi wa ufuoni hufanya kazi chini ya BMU ya mahali pake, ambayo ina wajibu wa kujua nani anavua, wapi, na kwa vifaa gani.

Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hakuna ruhusa ya kutoa samaki, matumbawe wala kombe. Mzamiaji hawezi kujitetea kuwa alipitiwa na mkondo.

Baadhi ya viumbe pia viko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Miongoni mwao ni farasi wa baharini, matumbawe magumu na kombe wakubwa wa miambani. Hao hawavuki mpaka bila kibali maalumu, na shehena inayokamatwa bila kibali humharibia jina kila mwenye kazi halali.

Funzo la Kuruwitu

Kilifi haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 2003, wakazi wa Kuruwitu, karibu na Vipingo, wakiwemo wazee waliokumbuka bahari ilivyokuwa ujanani mwao, waliungana kwa kuona samaki wanapungua. Matumbawe mengi ya Pwani yalikuwa yamekufa kwa joto la bahari mwaka 1998. Walitaja pia uvuvi wa kupita kiasi, pamoja na ukusanyaji holela wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi.

Mwaka 2005 walitenga eneo la bahari la takriban hekta 30 na kulifunga lisivuliwe. Halikuwa jambo jepesi. Kumfungia mvuvi mahali alipozoea kuvua ni kumwambia asubiri, na tumbo halijui kusubiri. Lakini baada ya miaka, samaki walirudi ndani ya eneo lile, na wakikua hutoka nje ya mpaka, ambako mvuvi anaruhusiwa kutega. Wageni nao huja kutazama matumbawe na kulipa.

Funzo hapa si kwamba samaki wa urembo asiguswe popote. Kinachokataliwa ni uholela. Mwamba una mwenyewe, na mwenyewe ni jamii inayoutegemea.

Yanayowezekana kuanzia sasa

Mengi ya mambo haya hayahitaji fedha nyingi. BMU inaweza kuweka daftari la wazamiaji wa urembo katika eneo lake, na kila jioni kuandikwa ni samaki gani walitoka, wangapi, kutoka mwamba upi, na wangapi walikufa kabla ya kuuzwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mzamiaji anayeona kwa macho yake kuwa katika kila kumi watatu hufa, atabadilisha ndoo yake bila kuhimizwa na mtu.

Wazamiaji wanaweza kukubaliana kutokamata bila oda, kupokezana miamba ili mwingine upumzike, na kuwaacha wasafishaji na samaki wakubwa wanaozaa. Wanaweza kuzungumza bei na wasafirishaji wakiwa kikundi, kwa sababu mzamiaji anayekwenda peke yake hulazimika kukubali chochote na kufidia kwa wingi. Mzazi anaweza kumuuliza kijana wake maswali mawili kabla ya kumruhusu kupanda mtumbwi: amefunzwa na nani, na atazamia na nani.

Wenye maswali kuhusu leseni, mipaka ya maeneo yaliyofungwa au mafunzo wafike katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu nao au wazungumze na viongozi wa BMU yao.

Samaki wa urembo ni mali ndogo inayotoka katika mali kubwa. Mali kubwa ni mwamba ulio hai. Mtoto anayezaliwa leo Mayungu au Takaungu atakapofikia umri wa kuvaa miwani ya kuzamia, anapaswa kumkuta samaki wa anemoni bado yuko nyumbani kwake, jike na dume lake, na wadogo wakingoja zamu.